Sehemu ya 319

Miaka ishirini na mitatu nimesimama hapa,
ngazi za juu kabisa, karibu na paa,
Winnipeg, Januari ikiguguna kuta huko nje.
Kazi yangu kuwaonyesha watu viti vyao
kabla magongo hayajaanza kugongana barafuni.
Siku hizi navisimulia viti habari za watu wao.

Safu ya kumi na nne, kiti cha saba na cha nane:
Tarasiuk, fundi wa reli, na binti yake Larysa.
Alianza kumleta meno ya mbele yameng'oka.
"Kama beki wetu," alisema baba,
na beki mwenyewe kule chini akacheka kwa pengo lake.
Walificha chupa ya chai ndani ya koti.
Kila mara niliiona. Kila mara nikatazama pembeni.

Msimu wa juzi ikaja barua,
karatasi nzito, inang'aa,
juu "Mpendwa mwanafamilia", chini tarakimu.
Alinionyesha pale mlangoni, kidole kikifuata mstari
kama mtu atafutaye jina kwenye orodha ya waliofikwa na ajali.
"Odarka, hii ni bei ya matairi ya theluji, yote manne.
Na matairi yatanifikisha mwezi wa nne."

Hakurudi.

Kisha Bi Dimaculangan, muuguzi wa zamu za usiku,
aliyewaleta wapwa zake kwa zamu, mmoja mmoja,
maana wawili pamoja walikuwa kodi ya nyumba.
Mpwa wa tatu zamu yake haijafika hadi leo.

Haba na haba hujaza kibaba, tunajua.
Kibaba nacho hukauka hivyohivyo.

Na mgema tulimsifu wenyewe, tena kwa mayowe;
huyu hakulitia tembo maji,
alilipandisha bei, akatuachia harufu.

Ubao mkubwa unatangaza: elfu kumi na nne na mia mbili!
Tunawapigia makofi wasiokuwapo.
Wao huhesabu tiketi, mimi nahesabu makalio:
jana, sehemu yangu, sitini na moja,
na mwenye moja kati ya hayo alikuwa amelala.
Chini, kwenye viti vya ngozi vya makampuni,
watu walikuwa wanapatana mikataba, mchezo wameupa kisogo.

Ilikuwa mechi ya mchana. Kipindi cha pili kikiisha
kisahani cheusi kilikwaa gongo la mtu, kikapaa
juu ya kioo, juu ya taa, kikatua kwangu.
Zamani hapo pangevunjika miwani,
bia ingemwagikia wasiohusika.
Kikagonga kiti, ko. Kikagonga kingine, ko.
Kikashuka ngazi taratibu
kama mgeni anayetafuta namba yake.
Nikakiokota. Bado kilikuwa na ubaridi wa barafu.

Jioni nilipita kwa Tarasiuk.
Amemwaga maji uani, yameganda, si sawasawa,
upande wa banda pameinama kidogo.
Balbu moja. Mtoto wa Larysa anaanguka, anainuka,
anaanguka, mapengo yaleyale.

"Kiingilio shilingi ngapi, mzee?"
"Beleshi lile pale."

Nikafagia theluji mpaka mgongo ukalalamika,
nikakitoa kisahani mfukoni, nikakitelezesha kwa mtoto.
Kiti hakikuwapo.
Nikasimama, kama nilivyozoea.