Alama Ukutani

Grafu yetu ina pengo.
Inaanza mwaka hamsini na saba kwa mkono wa wapimaji wa kale,
inashuka, inapanda kidogo, inashuka,
halafu mwaka tisini na tatu inakatika
kama mtu aliyeitwa nje katikati ya sentensi
asirudi tena mezani.
Dola ilivunjika. Mishahara ikakoma.
Kituo kikang'olewa mabati,
na mto wa barafu wa Ak-Jylga ukabaki huko juu
miaka kumi na mmoja bila shahidi.

Ndivyo tulivyoandika kwenye makala: *hakuna takwimu*.
Maneno mawili tu. Mhakiki wa kwanza aliyapitisha.
Wa pili akauliza: kwa nini?

Agosti tukapanda tena kusimika vigingi,
mimi na Iskender na mtambo wa mvuke wa kutobolea barafu,
uliogoma siku mbili kwa ajili ya pete moja ya mpira.
Tukalala kwa bibi Sonunbubu, aliyekuwa mpishi wa kituo.
Alitumiminia chai, akasikiliza hadithi ya pengo letu,
akaweka birika chini.
"Nani kasema hakuna?"

Chini ya kitanda, ndani ya gunia la unga, kalenda.
Nyuma ya kila mwezi, penseli iliyolambwa ncha:
*Januari tatu. Mipini miwili na vidole vinne.*
*Januari kumi. Mipini miwili na nusu, upepo.*
*Machi. Jumadyl anaumwa. Nimekwenda peke yangu.
Mpini mmoja. Kigingi cha juu sikukifikia.*
*Aprili. Jumadyl hayupo. Mpini mmoja, vidole viwili.*

Fimbo za kupimia ziliibwa, zikawa nguzo za mabanda ya kuku;
mume akapima kwa mpini wa mjeledi wake wa farasi,
na alipokufa, mke akapima.

"Nani alikuwa anakulipa?" niliuliza,
na papo hapo nikatamani kulimeza swali langu.
Akacheka mpaka kikohozi.
"Theluji ilikuwa inaanguka, mwanangu.
Ningeiacha ianguke hivihivi?"

Mali bila daftari huisha bila habari.
Barafu nayo.
Sisi tulikuwa na daftari zuri, lenye jalada gumu,
na kurasa tupu.

Mpini ni sentimita ngapi?
Mjeledi alipewa mtu aliyemwosha marehemu,
naye alihamia Urusi, hajulikani mji gani.
Iskender akashika kichwa. Miaka kumi na mmoja
katika kipimo kisichokuwepo duniani.

Bibi akanyanyua taa, akatuelekeza nyuma ya jiko.
Ukuta mweusi wa moshi wa miaka arobaini;
msumari; na chini ya msumari
mstari mweupe ulionyooka, mahali moshi haukufika,
kisha mchirizi uliopinda, wa ukanda.

Tukapiga magoti mbele yake na futi ya kamba.
Mimi nikasoma arobaini na mbili. Iskender arobaini na moja.
Tukaanza kubishana kama tuko maabara.
"Na vidole ni hivi," akasema bibi,
akatandaza mkono juu ya meza.
"Ila punguzeni. Siku hizi vimevimba."

Sasa pengo lina vitone kumi na kimoja, rangi ya chungwa,
kila kimoja na masharubu marefu ya shaka.
Havituambii habari njema. Mstari unashuka humohumo,
tena kwa kasi kuliko tulivyokisia.
Mhakiki wa pili ametaka jina la kifaa na kiwanda kilichokitengeneza.
Bado sijamjibu.

Tulipoondoka tulimwachia rula ya chuma, mpya, ya mita moja.
Akaipima kwa macho, akaitundika kwenye msumari uleule.
Ni nyembamba. Haikuifunika alama.