Taarifa kwa Vyombo vya Habari, Rasimu ya Tatu

Bisibisi iko droo ya pili, chini ya bahasha.
Mlango huu umetobolewa mara nyingi
hadi mbao imechoka kushika skrubu:
kibao cha Bwana Lutengano kilikuwa kirefu,
cha Shekiondo cha shaba,
na kaimu aliyefuata, miezi saba bila posho ya madaraka,
alibandikwa kwa karatasi na seloteipu.

Leo nang'oa cha Bi. Theonestina.

Mimi ni mpiga picha wa Kitengo cha Uhusiano.
Wote wanne nimewaambia maneno yaleyale:
"Shikeni faili wote wawili. Tazameni huku.
Tabasamu kidogo."
Faili ni lilelile, la kijani, limechanika ukingo.
Chini ya picha huwa naandika "nyaraka muhimu za ofisi."
Ndani mna risiti ya keki ya mahafali
na ramani ya maegesho ya magari.

Lutengano alitaka kila habari ianze
na jina la Makamu Mkuu wa Chuo, hata habari ya nyuki.
Shekiondo alileta mwonekano mpya:
nembo ikazungushiwa duara, tukachapa kalenda elfu tatu.
Yeye aliondoka Agosti. Kalenda zikabaki.
Sasa wanafungia karanga pale Msewe;
nimeshatafuna, nikapangusa chumvi
juu ya nyuso za Baraza la Chuo.

Theonestina hakubadilisha nembo.
Alikuja na kalamu nyekundu
na chupa ya kahawa ya kwao Kamachumu.
Mabweni matano yalipokauka siku nne,
wanafunzi wakapanga ndoo barabarani,
ghorofa ya juu ilitushushia sentensi: "Hali ni shwari."
Akakata "shwari."
Akaandika:
Hakuna maji. Maboza yako njiani. Tunaomba radhi.

Wiki ya pili barua ikashuka.
Uhamisho wa kawaida, kwa maslahi ya chuo:
Maktaba, chumba cha magazeti ya zamani.
Kawaida. Neno lenye mgongo mpana,
hubeba chochote unachokipakia
wala halilalamiki.

Jana saa kumi niliandika taarifa ya makabidhiano
nikampelekea aipitie, kwa mazoea,
kabla sijakumbuka kwamba inamhusu.
Hakusema kitu. Akavaa miwani.
Umeme ukakatika; akasogea dirishani
na karatasi yake, kama mtu anayekagua mchele.

Alikata "mahiri" mbele ya jina lake.
Alikata "kwa moyo wa dhati."
Akaweka mkato baada ya Dk. Mwanahija Pazi,
akamsahihishia na cheo,
maana nilimwita Kaimu, kumbe amethibitishwa.
"Usimpunguze mwenzio siku ya kwanza," alisema,
na hilo ndilo neno pekee nililolipata
la kuagana.

Chini kabisa, palipoandikwa Kwa mawasiliano zaidi,
akafuta namba yake ya simu.
Kalamu ikasimama.
Kisha akaandika yangu.

Tangu asubuhi inaita.
Redio, gazeti, mzazi mmoja kutoka Mbagala
anayeuliza kama maji yamerudi.
Bosi mpya bado yuko kwenye semina elekezi.
Skrubu ya mwisho imegoma, imeshika kutu.
Naiuma bisibisi kwa meno,
napokea.