Bando la Usiku

Saa sita kamili ujumbe unaingia:
"Mpendwa mteja."
Hakuna mwingine anayeniita mpendwa saa hizi.
Bando limeanza, mpaka saa kumi na moja alfajiri.
Tunapanda jiweni.

Huku Mabatini nyumba zimeatamia mawe kama kuku,
na chini, vyumbani, mtandao haufiki.
Unafika hapa juu, kwenye jiwe lenye mgongo wa kiboko
ambalo usiku wa manane bado lina joto la mchana;
mtu anakaa na kanga moja, akasahau kuna umande.

Minza amekuja na ndoo, ameigeuza kiti.
Kutwa tumesimama kiwandani tukichuna sangara,
mnofu huku, mfupa kule, mabondo kwenye beseni lake lenye mlinzi,
na maji ya barafu yamekula alama za vidole vyetu
hata simu yake haimtambui.
Anaifuta kwenye sketi, anagusa, anagusa tena,
"We simu, ni mimi,"
mwisho anaandika namba.

Anatazama mazulia.
Ndiyo, mazulia. Yakioshwa.
Kuna mwanamume, sijui wa nchi gani, hasemi neno,
analeta zulia kama lililofukuliwa kaburini,
anamwaga sabuni, anasugua, anakamua,
maji yanatoka meusi, yanatoka ya kahawia, yanatoka kama chai,
mpaka ua jekundu linachomoza pembeni
na Minza anashusha pumzi kama aliyetua kuni.
Kwake hakuna zulia. Kuna mkeka, na mkeka haukamuliwi.
"Kutwa unaosha, usiku unatazama wanaoosha?"
"Hili halinuki," alinijibu.
Sikumwuliza tena.

Juu yetu kidogo Nkwabi anacheza drafti
na mtu asiyemjua, jina lake herufi tatu na namba.
Akiliwa kete anatukana kwa Kisukuma;
akila anacheka peke yake, mbwa wa bondeni wanamwitikia.
Miezi minane sasa. Juzi mwenzake hakutokea.
Nkwabi alikaa na ubao wazi mpaka bando likakata,
asubuhi akasema kichwa kinamwuma.

Mimi nina ramani.
Naruka juu ya Mwanza kama mnandi,
natoka Kirumba, napita mwaloni,
kivuko cha Kamanga kimesimama katikati ya maji, hakifiki milele,
na kidole changu kinalisukuma ziwa zima kando
mpaka Igogo, mpaka kwetu.

Barabara ilishapita pale. Nilikuwepo, nililiona katapila.
Lakini anayepiga picha kutoka juu hajapata habari:
bati letu lipo,
na turubai la bluu ambalo mama aliliwekea mawe manne lisipeperuke.
Nayahesabu. Moja, mbili, tatu.
La nne huwa nalibahatisha.
Uani kuna doa jeupe.
Inaweza kuwa shuka. Inaweza kuwa dagaa walioanikwa.
Inaweza kuwa mama na kitambaa chake cha Jumapili,
ameinama,
hajainua kichwa tangu siku hiyo.

Nikikuza zaidi anakuwa miraba.
Nimejifunza kipimo: hapo hapo, usizidishe.

Mwezi uliopita walibadilisha picha za Nyakato.
Kabula alinieleza kwa furaha, nyumba yake sasa inaonekana,
hadi tangi la maji.
Nikampongeza.
Usiku ule sikufungua ramani.
Niliomba, sijui huombwa kwa nani jambo kama hili,
kwamba wachelewe, kwamba Igogo iwapitilie,
sisi ambao kila mwaka wa kura
hulalamika kwamba tumesahauliwa.

Minza akanisogezea nusu ya ndoo.
"Njoo uone hili. Lilikuwa zuri, watu wamelitupa tu."
Tukatazama tope likitoka.
Ziwani karabai za wavua dagaa zilikuwa zimejipanga
mji mzima,
na hakuna aliyezitazama; hata mimi
nazikumbuka sasa, ninapoandika.

Saa kumi na moja likakata.
Ua likabaki nusu ndani ya matope.
Minza akalitia mfukoni hivyo hivyo,
tukashuka na ndoo yetu,
maana basi la kiwanda halimjui aliyechelewa kulala.