Nuru Inayokawia

Tumezima taa zote, Fundi Bakoba.
Hata kile kitaa chekundu cha mlangoni
nimekibandika plasta ya kidonda,
maana jicho lililo darini halivumilii mwanga mgeni.
Barakoa ya vitundu imekushika uso mpaka mabegani.
“Hii kama yangu ya Shimanzi,” ulisema siku ya kwanza,
“ila wamesahau kioo.”

Ulipodungwa dawa uliuliza yaenda kufanya nini.
Nikakujibu kama karatasi uliyotia sahihi:
yaingia uvimbeni, yasubiri.
“Yasubiri nani?”
Mwanga.
“Watoka wapi, na chumba mwakitia giza?”
Watoka shingoni mwako.
Mionzi ikipiga, chembe hutimuliwa nyamani
zikaushinda mwanga mbio humo humo,
na mwili ukarusha buluu,
buluu hafifu ambayo hata mama aliyekuzaa hangeiona.
Ukacheka, kicheko cha moshi wa miaka thelathini:
“Basi shingo yangu yachomelea.”

Habari ya hewa sikukueleza. Wewe ndiwe uliyenieleza.
Mtungi mweusi, mtungi wa damu ya mzee,
mipira miwili, mdomo mmoja.
Moto wa manjano wenye masizi una njaa, ulisema,
hulamba chuma tu, hauli.
Fungua mweusi kidogo: unabana, unalia, unakuwa buluu,
na bamba la inchi moja linaachana.
Ndivyo. Ndivyo hasa.
Mionzi pasipo oksijeni hulamba.
Seli hujifunga kidonda usiku, wewe umelala,
asubuhi imeamka, ina nguvu za kuzaa.

Sasa sikia nisilokwambia.
Kibatari ukikifunika kikombe kinakufa.
Dawa hii ina ukaidi wake:
penye hewa nuru yake huzima upesi,
pasipo hewa hukawia.
Hukawia kwa kipimo ambacho kope ikipepesa mara moja
imekiruka mara maelfu,
lakini kamera yahesabu.

Mashine yanguruma. Niko nyuma ya mlango mzito,
chai yangu ya tangawizi imeota utando,
na shingo yako yajichora kwenye skrini.
Kandokando giza, giza, giza jema.
Katikati, punje. Kama mbaazi moja
iliyobaki chini ya sinia.
Inang'aa. Inang'aa vizuri, Fundi,
asiyejua angeomba aitie kwenye pete.
Mimi niliyefundwa chuoni Kibokoni
kuomba nuru machoni, nuru kaburini, nuru mbele na nyuma,
nimeweka kiganja kwenye kioo nasema
zima.
Zima, mwanakwetu. Zima.

Siku ya tisa Daktari Mwanasha akaagiza upumulie mrija.
Walipousukuma mtungi ndani kwa toroli
uliujua rangi kabla hujaulizwa.
“Huyu twajuana.”

Siku ya kumi na tano punje imekawia pungufu.
Pungufu kiasi gani? Daktari hasemi. Aandika tarakimu,
aifuta,
aiandika tena ile ile.

Nawasha taa. Nakuvua barakoa.
Shavu lina miraba kama mkate uliopozwa kwenye wavu.
“Leo je?”
Imezima mapema kidogo.
“Kidogo gani?”

Sikuwa na jibu. Ulilileta wewe, Jumatatu,
sauti imekwaruzwa na matibabu:
Jumamosi ulipita Shimanzi, ingawa tulikukataza.
Kijana wako Ngome alikuwa akipambana na lango la ghala,
moto manjano, masizi hadi kopeni.
Hukumgombeza. Ulinyoosha mkono
ukaigusa koki ya mweusi.
“Hivi,” ukanionyesha, vidole viwili hewani.
Robo ya mzunguko. Haikufika robo.
Kisha ukapanda kitandani mwenyewe, ukalala chali,
kabla sijakwambia.