Bado Ijumaa

Mashine ya Chande ilikufa masika,
radi moja tu juu ya ghala la Newala,
harufu ya waya, basi.
Diski yake tukaiopoa nzima
kama yai lililodondoka kwenye mchanga.

Programu ya mizani aliiandika yeye,
kwa Linux, kwa ubishi, bila posho,
nayo haielewani kabisa na Windows ya ushirika.
Mwenyekiti akasema, nunueni mashine nyingine.
Mhasibu akacheka hadi akakohoa.

Nikaijengea chumba.
Ndani ya kompyuta nikasimamisha kompyuta
isiyo na bati wala msumari,
nikaikatia gigabaiti mbili za kumbukumbu
kama mama anayemmegea mgeni muhogo
huku akiwahesabu wanawe kwa jicho.
Diski ya kusadikika. Skrini ya kusadikika.
Nikabonyeza.

Dirisha jeusi. Maandishi meupe yakashuka mbio
kama siafu waliovurugiwa njia.
Kisha: Karibu, Chande.

Somoe wa stakabadhi akashika mdomo.
"Yumo?"

Hayumo. Yuko ng'ambo ya Ruvuma, mwaka wa pili huu,
na namba yake haipatikani.
Ila programu haijaambiwa.
Inagusa inachodhani ni chuma,
inaomba nafasi, inapewa nafasi,
haijui kwamba kila ombi
hupokewa mlangoni na mwenyeji
akaenda kuchota mwenyewe.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu tulimpa siku ileile:
gunia la kwanza, kilo themanini na moja,
Likumbage Mchopa wa Kitangari,
korosho nyeupe, daraja la kwanza.
Risiti ikatokea kwenye printa ya nyumba ya pili
na wino wake hafifu uleule.

Jioni siizimi, nailaza.
Kila kitu kinaganda kilipo,
jumla ikiwa nusu, mshale haujamaliza kupepesa.
Jumatatu nikaiamsha.
Nje ukungu, foleni imefika duka la salfa.
Kwake bado ni Ijumaa,
saa kumi na dakika saba,
bado Chande katoka kidogo, anarudi.

Mimi nami nimepanga, chumba cha uani kwa Bi Nangomwa.
Asubuhi nyingine naamka nikidhani niko Nachingwea,
napapasa swichi kwenye ukuta usio na swichi.
Kwa hiyo sikuigusa ile saa mara moja.
Niliiacha. Dakika mbili, labda tatu.

Mzee Likumbage akagonga kioo:
"Binti, humo ndani leo tarehe ngapi?"

Gunia la leo halipimwi juzi.
Nikaandika amri, nikaivuta saa siku tatu mbele.
Programu haikuuliza zilikwenda wapi.