Bawaba Iliyolegea

Łódź, Januari. Jagna kahesabu tena
pesa za kuosha sahani:
zloti elfu mbili na mia mbili,
sarafu za tramu kando.

Ya kwanza ina taa za rangi chini ya vitufe,
yameremeta kama bibi harusi;
kadi yake ya picha, ajuza.
Ya pili nyeusi, nzito, bawaba imelegea,
lakini ndani mna moto.

Bwana Wieczorek anaiwasha.
Feni inahema kama mtu aliyepanda ngazi.
“Iinue kwa vitabu viwili, itapoa.”

Vitabu anavyo. Vya kemia,
vya mtihani alioukimbia.

Bei imemeza hata sarafu za tramu.
Kwenye theluji, mzigo kifuani,
sasa ni yeye anayehema.