Kalia Mikono Yako

Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili,
Mmbone hubisha hodi mara tatu, kamwe si nne,
kwa kuwa Akeyo huhesabu.
Huvua viatu, hafungui mkoba,
husubiri kwanza mtoto amtazame,
au autazame ukuta ulio karibu naye;
nako pia ni kutazama.

Siku ya kwanza nilidhani kaja kumfundisha mwanangu.
Akavuta kigoda hadi kando ya cherehani,
akaniambia mimi:
"Mama Akeyo, kalia mikono yako."

Mikono hii!
Miaka kumi na minne imemfunga vifungo,
imemmenyea machungwa, imemkata kucha akiwa usingizini
kwa sababu akiwa macho mkasi humlia kichwani kama treni.
Imemziba masikio mvua ya Aprili ikipiga mabati ya Nyalenda.
Mikono ya fundi haijui kukaa.
Ikiona uzi, inakata.

Ukutani, juu ya jiko la gesi, Mmbone kabandika picha:
sufuria. Kikombe cha maji, kikombe cha maziwa.
Majani. Kijiko. Njiti ya kiberiti ndani ya duara jekundu.
Akeyo huzisoma kwa kidole, akivuma kama friji,
na akifika kwenye duara jekundu, husimama.
Wiki sita alisimama hapo.
Wiki sita nilimeza "lete nikusaidie"
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa ngege.

Jirani akachungulia:
"Kumbe unamlipa mtu aje amtazame mtoto asifanye kitu?"
Yule yule aliyesema tumpeleke kwenye maombi,
kisha akasema fimbo,
kisha akasema pole.
Sikumjibu. Nilikuwa nimekalia mikono.

Wiki ya saba, siku isiyo na jambo, stima imepotea,
nikasikia kshhh.
Njiti moja. Ikazimika.
Ya pili. Moto wa buluu ukakaa chini ya sufuria
na Akeyo akavipunga viganja mbele ya uso wake
haraka haraka, kama kuku anayekung'uta maji.
Mmbone hakushangilia. Aliandika.
Mimi nilikwenda chooni nikalia,
kwani hilo halikukatazwa.

Leo ni zamu ya maziwa.
Duka la Obare, hatua mia mbili na kumi na moja,
amezihesabu mwenyewe.
Noti ya mia mfukoni, imekunjwa mara mbili.
Mmbone yuko nyuma, mbali, kama asiyemjua.
Mimi nimeachwa na pindo la sketi ya mtu:
nimelishona, nimelifumua, nimelishona.
Bodaboda imepita. Nyingine.
Hajarudi.

Akaingia mikono mitupu.
"Maziwa yako wapi?" Ulimi ulitangulia akili.
Akaiweka noti mezani, akainyoosha kona kwa kona.
"Pakiti ni ya kijani. Picha ni ya buluu. Si yale."
Kumbe kampuni imebadilisha pakiti
bila kutuuliza.

Nikainuka, nikimbie kwa Obare, nieleze, nirekebishe,
naye Mmbone akafunua daftari, akasoma:
"Amekwenda. Ameuliza bei. Amesema hapana.
Amerudi. Pesa kamili."
Halafu akanitazama.
"Amesema hapana, Mama. Kwa mtu mzima."

Nikiwa na umri wake
sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana,
na nililipia.
Nikaketi.

Sasa yuko jikoni. Ameibandua picha ya maziwa,
ameilaza kifudifudi mezani.
Maji. Majani. Kshhh.
Anatuletea strungi, kikombe changu kimejaa pomoni,
kinamwagikia sketi ya mteja.
Sukari amesahau, au ameamua.
Nanyoosha mkono, kupokea tu.
Ni chungu.
Nakunywa yote.